Kifua cha Bwana Harusi

Kiwandani, 4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu, uani kwa kiwanda cha mikate, na hapo ndipo ninaposhinda siku hizi. Unauliza kwa nini nimenyamaza mwezi mzima. Wewe si mtu wa kuzungushwa, kwa hiyo sikuzungushi. Ninaumwa kifua.

Si kikohozi cha baridi. Unga ndio unaoniumiza. Unajua kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya kukandia: napasua gunia, namimina, unga unapaa, tunaendelea. Ilianza kama mafua. Pua ikawasha, macho yakatoa machozi, baadaye kifua kikawa kinabana kama mtu amenikalia. Nikadhani ni uchovu. Wenzangu ndio walioniambia kwamba nikivuta pumzi napiga mluzi. Ukiona mtu anapiga mluzi na uso umekunjamana, ujue hana furaha yoyote.

Daktari wa kiwanda alinisikiliza mgongoni, akaniuliza kazi yangu, akaweka kalamu chini. Akasema, "Kijana, unga umekukataa. Kaa mbali nao. Kila ukiurudia utaukuta mkali zaidi." Nikamwendea msimamizi nikaomba kuhamishwa, ila nilimwambia ni mgongo, kwa sababu hapa mwenye mgongo huhamishwa na mwenye kifua hurudishwa kwao. Sasa napakia mikate iliyokwisha kuokwa kwenye magari. Chakula nacho nimebadilisha. Sili mkate, sili biskuti, sili chochote kilichotokana na unga. Na hapa chakula cha wafanyakazi ni mkate asubuhi na mkate jioni, ule uliovunjika. Nakula viazi vya kuchemsha na ndizi za getini. Nimekonda. Usije ukashtuka ukinipima suti.

Tatizo unalijua. Siku ya posa baba yake Chachu alisimama mbele ya watu akasema hanipi mali, ananipa tanuri. Magoti yake yamechoka, hana mtoto wa kiume, na mimi nimejifunza mikate kiwandani. Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Sasa nikamwambie nini? Kwamba mkwe wake hawezi kusimama karibu na gunia lililofunguliwa? Shule sikumaliza. Ufundi mwingine sina. Chachu alimkubali mwokaji, hakumkubali mpakia kreti.

Nisaidie jambo moja. Chakula cha harusi kisiwe na unga. Wali, nyama, maharage, matunda, kinatosha. Na sherehe ifanyike uani kwako, isiwe pale kwenye tanuri. Tafuta sababu, wewe huishiwi sababu. Habari ya kifua ibaki kwako. Mei nikifika nitaona njia.

Mdogo wako,
Ngongoti


Nyumbani, 16 Februari

Ngongoti,

Nikusalimu halafu nikupe habari, au nikupe habari halafu nikusalimu? Habari haziwezi kusubiri. Baba amebomoa mlango wa chumba cha kukandia. Alimwita mwashi akamwambia, "Pandisha huu mlango. Mkwe wangu ni mrefu, sitaki aingie kazini ameinama kama mwizi." Mwashi akamwuliza mkwe mwenyewe ana urefu gani, na Baba akanyoosha ufagio juu hewani. Kwa hiyo mlango wako una urefu wa Baba na ufagio. Ukigonga kichwa humo, kosa ni lako.

Wafanyakazi wamecheka wiki nzima. Kipara, yule mkubwa wao, anasema wewe utapanga mikate rafu ya juu bila ngazi, basi ngazi wauze.

Mimi nimeandika barua ya kuacha kazi hospitali. Bado iko kwenye mkoba, nitaipeleka mwisho wa Machi. Nimechoka kukaa mapokezi nikiandika majina ya watu wanaoumwa. Nataka nisimame kaunta niuzie watu wenye njaa, wanaingia wamenuna wanatoka wanatafuna. Baba atakaa kwenye kiti atoe amri, wewe uoke, mimi niuze. Keki ya harusi nitaioka kwa mkono wangu, na Baba ataoka mikate ya wageni wote. Amesema hiyo ndiyo mara ya mwisho anawasha tanuri, asubuhi yake anakukabidhi.

Wifi alipita jana akasema eti sherehe iwe kwake na chakula kiwe wali. Baba alidhani ni utani, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Niandikie haraka. Nataka kujua unapenda keki iwe na rangi gani ndani.

Chachu


Kiwandani, 27 Februari

Chachu wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mlango umenigusa sana. Mshukuru mzee kwa niaba yangu, ingawa shukrani yenyewe sijui niiwekeje.

Ninaomba mambo mawili na ninakuomba usinune. La kwanza, barua ya kuacha kazi usiipeleke. Kazi ya hospitali ni kazi nzuri, unakaa, unaheshimika, na watu hawaachi kuumwa. Tanuri halikimbii. Tuone kwanza.

La pili ni chakula. Kile alichosema dada si utani, ni mimi niliyemtuma. Ningependa siku yetu kusiwe na mkate wala keki. Nimekaa na mikate muda mrefu, nimeichoka. Hata harufu yake nimeichoka. Tule wali kama watu wengine wanavyokula, halafu maisha yaendelee.

Usiniulize sana. Nikifika tutazungumza.

Wako,
Ngongoti


Nyumbani, 9 Machi

Ngongoti,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa ili nisijibu kwa hasira. Hasira haikuondoka, kwa hiyo najibu nayo. Baba hakukosea kuniita Chachu, jambo dogo tu naumuka. Hili si dogo.

Mtoto wa mwokaji aolewe bila mkate mezani. Unajua unachoomba? Nilipomsomea Baba sehemu ile alikuwa anakunja mikono ya shati. Akaishusha tena, akafunga vifungo. Akaniuliza, "Ameona haya?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi ameona kikubwa kuliko sisi huko." Akatoka.

Tulipokutana ulikuwa na unga hadi kwenye nyusi, na ulinichekesha kwa ule ule unga. Leo harufu yake umeichoka. Na mimi niliyekulia ndani yake umenichoka? Unaniambia nibaki mapokezi, tanuri halikimbii, tuone kwanza. Tuone nini? Mtu anayerudi nyumbani hasemi tuone.

Mwenzako Kipara na vijana wameshatenga unga wa siku hiyo. Kwao ni desturi ya kazini, kila wa kwao anayeoa humwagiwa unga kichwani mlangoni pa tanuri mpaka mama yake asimjue. Kipara mwenyewe alimwagiwa siku yake, na anaapa nywele zilitoka hapo. Wamenunua gunia jipya kwa ajili yako. Niwaambie nini, kwamba bwana harusi ana haya na unga?

Nina swali moja na nataka jibu moja. Unarudi kuoka na Baba, au hurudi? Na kama kuna mtu huko, mtaje tu. Nimekaa na wagonjwa miaka, najua habari mbaya ikicheleweshwa haigeuki nzuri.

Chachu


Nyumbani, 13 Machi

Mdogo wangu,

Umenitia kwenye moto wa watu na mimi fundi cherehani, sina ngozi ya kushika moto.

Mchumba wako alikuja hapa akakaa juu ya kitambaa cha gauni lake mwenyewe, akalia. Nilikuwa na pini mdomoni, nikazitumia kama sababu ya kutojibu. Alipoona nazitoa akauliza tena: kwa nini hataki mkate? Ningefanyaje? Ukweli wewe mwenyewe umenifunga mdomo nisiutoe. Nikasema la kwanza lililonijia, kwamba unaogopa kunenepa, suti isije ikakataa kufunga.

Akajitazama kwenye kioo changu, mbele na ubavuni. Akasema, "Anasema yeye au ananisema mimi?" Nikacheka, na kile kicheko kilikuwa kosa la pili. Tangu siku hiyo hali. Nilimpima tena Jumatatu, gauni linamzunguka kama pazia, nimelipunguza. Akaniambia, "Usikate bado wifi, nitapungua tena." Kwa hiyo wewe unakonda huko kwa unga, huyu anakonda huku kwa uongo wangu, na mimi napunguza nguo za pande zote mbili. Hii ni harusi au ni mfungo?

Mwambie. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi sitaki kushona nguo za kilio. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nikisema mambo hutoka yamepinda, umeshaona.

Dada yako


Kiwandani, 22 Machi

Dada yangu,

Naandika nimelala, kwa hiyo usinilaumu kwa mwandiko. Nilianguka.

Wakaguzi walikuwa wanakuja, na msimamizi akatafuta watu wa kufagia ghala la unga. Akanitazama akasema, "Wewe mwenye mgongo, kazi hii ni nyepesi, huinui kitu." Ningesema nini? Niliyempa hadithi ya mgongo ni mimi. Nikajifunga shati mdomoni nikaingia. Ghala halina dirisha, dada. Ukifagia, kilichokuwa sakafuni kinapanda chote. Nilifika ukutani vizuri. Kurudi ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nauona mlango, uko pale pale na mwanga wake, na mimi navuta hewa na hewa haiji. Si kama maji yanavyokunyima hewa. Hewa ipo, inakupita usoni, lakini ndani hakufunguki. Nikaanguka juu ya magunia, na magunia yakatoa unga mwingine.

Walinikuta waliokuwa wanakuja na ndoo. Nimezinduka kwenye benchi la daktari, ananitia dawa ya kuvuta puani na mdomoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikwambia." Msimamizi naye sasa anajua. Nafanya kazi ya uani mpaka mwisho wa Aprili, halafu niende.

Nimeogopa. Nakwambia wewe kwa sababu umenilea. Pale chini sikumkumbuka mtu, hata Chachu, niliwaza mlango tu.

Kwa hiyo ninasema. Lakini nimeona haki ianze kwa mzee. Ahadi ya tanuri niliipokea kutoka mkononi mwake, mbele ya watu, siwezi kuirudisha kupitia kwa binti yake. Nimemwandikia leo hii, nimemweleza yote, nimemwomba yeye aamue namna ya kumwambia Chachu. Yeye ni mwokaji, ataelewa kuliko mtu yeyote.

Mdogo wako,
Ngongoti


Kwenye tanuri, 31 Machi

Kwako mkwe wangu mtarajiwa,

Nimeipata barua yako. Nimeisoma peke yangu na nimeiweka motoni, kwa hiyo tulia, hakuna mwingine aliyeiona.

Umeandika kama mtu anayeaga dunia. Mwanangu, unga haumkatai mtu. Mtu ndiye hukata tamaa na unga. Mimi nakohoa tangu mama yake Chachu yu hai. Nikiamka naketi kitandani nasubiri kifua kifunguke, kama mteja anavyosubiri duka, na kikifunguka naenda kazini. Nalala nimeegemea mito, kulala chali ni mambo ya vijana. Ngazi napanda mbili napumzika. Watu nimewaambia ni magoti, maana magoti hayamtishi mtu. Na nimeoka mikate maisha yangu yote, na binti nimemlea, na nyumba nimejenga. Mwashi kazi inamla mikono, mshonaji inamla macho, mwokaji inamla kifua. Ulitaka kazi isiyokula?

Madaktari wa viwandani kazi yao ni kupunguza watu. Njoo. Funga kitambaa kibichi mdomoni, kunywa maji ya moto yenye tangawizi, utazoea. Vijana wakikumwagia unga wao siku ile, funga macho, shika pumzi, kisha cheka. Mwanamume hakatai mzaha wa wenzake.

Chachu usimwambie neno. Yule anakaa hospitali, kila kikohozi kwake ni jeneza. Ameniuliza kama umeandika, nimemwambia ndiyo, umekubali, unakuja kuoka. Amefurahi. Ile barua yake ya kuacha kazi alikuwa anaizungusha zungusha mkononi, nikampa kalamu aitie sahihi mbele yangu, ameipeleka.

Mlango umekamilika. Ni mrefu mpaka wateja wanauliza kama nafuga twiga.

Ni mimi, baba mkwe wako


Kiwandani, 8 Aprili

Chachu,

Hii barua naiandika kinyume cha neno la baba yako. Sijawahi kumvunjia mzee neno, na nisingependa kuanza na wako, lakini nimeisoma barua yake nikaogopa kuliko nilivyoogopa ghalani.

Hakuna mtu huku. Hakuna haya. Hujanenepa, na hata ungenenepa nisingesema. Unga umeniharibu kifua. Nikikaa nao pumzi inafunga. Mwezi uliopita niliingia ghala la kiwanda kufagia nikatolewa nimebebwa. Daktari amesema nisiurudie kamwe. Ndiyo sababu nilisema usiache kazi. Ndiyo sababu nilisema wali. Nimeacha mkate, keki, kila chenye unga, na nikifikiria meza ya harusi imejaa mikate kushoto na kulia, na vijana wamesimama na gunia, nilikuwa naona mazishi.

Jibu la swali lako ni hili: narudi, lakini kuoka siwezi. Si kwamba sitaki. Siwezi. Ulikubali mtu mwenye kazi, sasa unaletewa mtu mwenye miguu mirefu na kifua kibovu. Sijui nitafanya nini. Kupakia na kusafirisha mikate iliyokwisha kuiva naweza, hainidhuru hivyo, na labda kazi ya shamba, na labda nyingine nitakayojifunza. Ukiona haikutoshi, niambie kabla sijapanda basi. Sitapiga kelele, wala dada hatapiga.

Na kuna jambo si langu kulisema, ila nalisema. Magoti ya baba yako ni mazima. Mtazame anavyolala. Mtazame anavyopanda ngazi. Ameniambia mwenyewe, na aliniambia kama mtu anayejisifu. Chachu, ile kazi aliyotaka kunikabidhi ndiyo iliyomfikisha hapo, na alikuwa anakuingiza na wewe.

Barua ya kazi najua umeshaipeleka, nenda kaichukue leo.

Ngongoti


Nyumbani, 19 Aprili

Ngongoti,

Nimejua wa tatu. Dada yako, halafu baba yangu, halafu mimi. Kifua nitakacholala karibu nacho, wamekijua wengine wawili kabla yangu, na wote wawili walinitazama usoni wakanipa hadithi. Mmoja alinipa unene. Mwingine alinipa kalamu.

Barua ya kazi sikuiwahi. Nilikwenda kwa mkuu wa mapokezi nikasimama mbele ya meza ambapo juzi nilikuwa nakaa, na binti mwingine anakaa. Nikaomba. Sijawahi kuomba kitu pale. Wamenipa chumba cha mafaili, mpaka nafasi ikipatikana. Nimekubali.

Nilimtafuta daktari wa vifua nikamweleza habari zako bila jina. Ametikisa kichwa, amesema ndiyo, wapo, na wakiurudia unga wanakufa. Halafu nikamweleza kuhusu mkate na keki, jinsi ulivyoacha kula. Akanitazama. Akasema, "Kwa nini? Unga unaodhuru ni ule anaouvuta. Mkate ulioiva ale tu." Ngongoti, umekaa katikati ya mikate miezi yote hii ukila viazi, na hakuna aliyekukataza. Ungeuliza swali moja. Na mimi huku nimejinyima hata kipande cha mkate kwa sababu ya suti yako. Nilirudi nyumbani nikakata mkate mzima nikaula nimesimama, na nilipomaliza nililia.

Baba. Hili nakuandikia polepole.

Nilimsubiri arudi nyumbani mchana, nikafunga mlango. Nimeona wanavyofanya hospitali: unawasha kiberiti, unakishika urefu wa mkono, mgonjwa anafungua mdomo wazi na kukipuliza bila kubana midomo. Mtu mzima wa afya anakizima. Nikakiwasha mbele yake nikamwambia, "Baba, kizime." Akacheka, akasema mimi si keki yenye mishumaa. Nikabaki nimekishika. Akapuliza. Moto haukutikisika. Akapuliza tena, akasogea, nikarudi nyuma. Mara ya tatu nilisikia kifua chake kikipiga mluzi. Kiberiti kiliniunguza kidole kabla hakijazimika.

Akasema, "Upepo."

Tulikuwa ndani, mlango umefungwa.

Tangu hapo hazungumzi na mimi. Wala hajaingia chumba cha kukandia. Anakaa nje kwenye kiti, Kipara ndiye anayewasha. Gunia lile la mzaha Kipara ameliokea mikate ya watu wa mtaani bila kuulizwa na mtu. Kesho nampeleka Baba kwa daktari. Amesema haendi. Nimemwambia basi na mimi siolewi, nikae nimsikilize akipumua. Amevaa viatu, ameketi navyo tangu jioni.

Sasa wewe. Tarehe haijabadilika, wageni wameshajua, chakula kimepangwa: wali wako upo, na mkate upo, umeiva, hautakuuma. Lakini neno langu bado liko mfukoni. Nimechoka na magoti na unene. Kazi huna, sawa, nami nina nusu ya kazi, tutatafuta. Kifua unacho kibovu, sawa. Lakini siwezi kuishi na mtu ambaye maumivu yake nitakuwa nayasikia kwa majirani. Baba mmoja wa namna hiyo ananitosha.

Ukishuka kwenye basi, kabla hujamsalimia mtu, nitawasha kiberiti mbele yako. Na sitaki kusikia habari ya upepo.

Chachu


Kiwandani, 27 Aprili

Chachu,

Sitasubiri stendi. Nimeomba kiberiti kwa mpishi.

Cha kwanza kilizimika. Nilifurahi kama mtoto, hadi nikaona dirisha liko wazi. Nikalifunga. Cha pili hakikuzimika. Cha tatu nilikisogeza karibu, kikazimika kilipokuwa karibu na pua. Kwa urefu wa mkono sikizimi. Hiyo ndiyo hali, usije ukaiona kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Na haya pia ujue. Nikicheka sana nakohoa. Alfajiri ndiyo mbaya. Nina dawa ya kuvuta, lazima niwe nayo kila mahali, hata siku ile itakuwa mfukoni mwa suti na mfuko utaonekana umevimba. Daktari amesema nikikaa mbali na unga itapungua, lakini hakuapa. Kuna siku sitaweza kubeba kitu, na siku hiyo nitakuwa mkali, kwa sababu naona aibu. Sijui kama hali hii ni ya kudumu.

Mkate nimekula jana. Ule uliovunjika. Nilikaa uani nikala mpaka wenzangu wakauliza kama nimefunguliwa kutoka jela.

Mzee umwambie namsalimu na sijamdharau. Ule mlango uuache ulivyo.

Nina nafasi kwenye basi la Jumamosi. Kama baada ya haya bado neno liko mfukoni, nitumie habari, nitampa mwingine kiti.

Ngongoti


Kwa mkono wa dereva, Ijumaa

Baba alikwenda. Amepewa dawa kama yako, anamlalamikia kila mteja ladha yake.

Panda basi. Usikae dirishani, barabara ina vumbi.

Mkeo